Jifunze Fizikia na Elektroniki Mwenyewe: Kokotoa, Unda, Pima
Kijitabu cha elimu kwa umma

Kijitabu hiki ni cha nani?

Ni cha mwanafunzi ambaye shule yake haina maabara ya kutosha. Ni cha mtu mzima aliyeacha darasa zamani na sasa anataka kuuelewa umeme. Ni cha fundi redio au fundi simu anayejua kubadilisha kifaa kilichoungua, lakini angependa kujua kwa nini kiliungua.

Mtandaoni masomo ni mengi na ya bure. Hata hivyo, anayetazama video tu husahau upesi. Elimu hukaa pale unapokokotoa jibu, ukaunda saketi, ukapima, kisha ukatafuta sababu ya tofauti kati ya hesabu yako na kipimo.

1. Fuata mpangilio

• Hesabu: kupanga upya kanuni, uwiano, vipeo vya kumi, na viambishi kama mili na kilo. Kalkulasi inaweza kusubiri.
• Mwendo, nguvu, kazi na nishati. Usiziruke: volti 1 ni jouli 1 ya nishati kwa kila kulombi 1 ya chaji, kwa hiyo asiyeelewa nishati hukariri tu volti.
• Mkondo, volteji, ukinzani na Sheria ya Ohm.
• Kapasita, diodi na transista.

2. Vyanzo vya bure

• Khan Academy: video fupi na mazoezi yanayosahihishwa papo hapo. Ina fizikia na pia uhandisi wa umeme.
• OpenStax ya Chuo Kikuu cha Rice, Marekani: vitabu kamili vya fizikia vya kupakua.
• PhET ya Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, iliyoanzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Fizikia ya mwaka 2001. Hapa unaunganisha betri, waya na taa kwenye kioo cha simu. Ukikosea, hakuna kinachoungua mezani.
• Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania: vitabu vya kiada vinavyofuata mtaala wa shule.

Chagua chanzo kimoja kiwe kikuu, kingine ukifungue unapokwama. Anayerukaruka kati ya wakufunzi kumi huanza somo la kwanza mara kumi.

3. Okoa bando

Pakua vitabu na maabara za PhET mahali penye Wi-Fi, uvitumie baadaye bila intaneti. Punguza ubora wa video: maandishi ya ubaoni yakisomeka, inatosha. Kikundi au shule yenye kompyuta inaweza kuweka Kolibri, programu ya bure inayohifadhi masomo na kuyasambaza kwa kompyuta za jirani bila intaneti.

4. Zoezi la kwanza: washa taa ya LED

Vifaa: betri ya volti 9, taa nyekundu ya LED, rezista, waya na mita ya kupimia umeme. Vyote hupatikana kwenye maduka ya vipuri, kama yale ya Kariakoo jijini Dar es Salaam au Luthuli Avenue jijini Nairobi.

Kokotoa: LED nyekundu huchukua takriban volti 2, hivyo rezista inabakiwa na volti 7. Tukitaka mkondo wa miliampia 15, tunagawa 7 kwa 0.015 na kupata omu 467. Nunua ya omu 470: mistari yake ni njano, zambarau na kahawia.

Unda: unganisha betri, rezista na LED kwa mfululizo. Mguu mrefu wa LED uelekee upande chanya.

Pima: weka mita kwenye volti, gusa ncha mbili za rezista. Huenda usione 7 kamili. Betri mpya huzidi volti 9 kidogo, LED hutofautiana, na rezista yenye mstari wa dhahabu inaweza kupungua au kuzidi kwa asilimia 5. Pima kila kimoja hadi tofauti yote ipate maelezo.

5. Zoezi la pili: kapasita

Unganisha kwa mfululizo betri hiyohiyo, rezista ya kilo-omu 10 na kapasita ya mikrofaradi 1000 inayostahimili volti 16 au zaidi. Usigeuze upande chanya na hasi wa kapasita. Zidisha ukinzani kwa uwezo wa kapasita: unapata sekunde 10. Katika muda huo kapasita hufikia takriban asilimia 63 ya volti za betri, yaani karibu volti 5.7. Shika saa, soma mita iliyowekwa kwenye ncha mbili za kapasita, chora grafu.

6. Usalama

• Usijifunzie kwenye umeme wa ukutani. Unaua.
• Usifungue televisheni za kichogo wala oveni za maikrowevu: kapasita zake zinaweza kubaki na chaji hatari hata baada ya kuchomolewa.
• Usitoboe wala kuunganisha moja kwa moja ncha za betri ya simu. Inaweza kuwaka.
• Mita ikiwa kwenye ampia, usiiguse ncha mbili za betri. Mkondo mkubwa utapita na kuunguza fyuzi yake.

7. Jipime

a) Ukitumia chanzo cha volti 5, LED ileile na rezista ya omu 470, mkondo ni kiasi gani?
b) Ukiweka kapasita ya mikrofaradi 470 badala ya 1000 katika zoezi la pili, itafika asilimia 63 baada ya muda gani?
c) Kwa nini mita ya ampia huwekwa kwa mfululizo?

Majibu: a) Takriban miliampia 6.4. b) Sekunde 4.7. c) Ili mkondo unaopimwa upite ndani yake. Ukikosa jibu lolote, rudi kwenye sehemu yake kabla ya kufungua somo la transista.