Rangi ngumu kwenye Hilux yangu, na kwa nini nilingoja Mei

Nilipoling'oa lile beseni la plastiki lililokuja limetandikwa kwenye sanduku la nyuma la Hilux yangu, nilikuta chini yake kipande cha Katanga: udongo mwekundu ulioganda, unga wa makala, na chini kabisa kutu pana kama sahani. Beseni halikulinda kitu. Lilikuwa likiyatunza maji ya mvua, na kwenye mashimo ya barabara ya Kasenga, ninakokwenda kupakia makala, lilikuwa likiisugua rangi mpaka bati likabaki uchi.

Ndipo nikaamua kupaka sanduku lote la nyuma rangi ya poliuretani, ile nzito yenye vipele, ambayo ikikauka huwa kama ngozi ya mamba.

Mara ya kwanza niliharibu, na kosa lilikuwa langu. Nilinunua kopo la aina isiyochanganywa na kitu: unafungua, unakoroga, unapaka kwa rola. Aina hiyo hugandishwa na unyevu wa hewa. Mimi niliipaka Julai, mwezi ambao hewa ya Lubumbashi ni kavu na baridi ya usiku hushuka chini ya nyuzi 10. Siku ya tatu ilikuwa bado inanata. Ya nne upepo ukaamka, na vumbi lote la mtaa likaja kukaa. Nikawa na sanduku jekundu lenye manyoya. Usidhani basi kwamba Januari ingefaa. Tone la mvua likiiangukia rangi hii kabla haijashika, hutoa gesi na kufanya mapovu. Kwetu wakati wake ni mwishoni mwa Aprili na Mei: mvua imekwisha, majani bado yameshika udongo, na baridi kali haijafika.

Kwa hiyo nilikwangua, nikangoja Mei, na safari hii nikachukua aina ya chupa mbili, rangi na hadina. Ile ya U-POL ya Uingereza iitwayo Raptor, kwa mfano, huchanganywa sehemu tatu za rangi kwa moja ya hadina. Aina hii haingoji unyevu. Hadina ndiyo inayoigandisha.

Kabla ya kufungua chupa nilimwita mzee mmoja tolye, wa kunyoosha bati. Aliinama, akagonga kutu kwa ukucha.

"Papa, nipake tu juu?" nikamuuliza.

"Mwana, hii si rangi, ni koti. Na wewe unataka kuvalisha koti mutu mugonjwa."

Alinipa siku mbili za kazi kwa sentensi hiyo. Kutu yote ilitolewa kwa grinda mpaka bati likang'aa, tundu moja likachomelewa, na kila palipokuwa uchi pakapigwa praima ya epoksi. Rangi ya zamani iliyoshika vizuri haiondolewi, ila lazima isuguliwe kwa msasa, namba 180 hivi, mpaka mng'ao wote ufe. Pasipo mikwaruzo rangi ngumu haipati pa kushika, na itakuja kubanduka kama ganda la ndizi. Usisahau pembe na mifereji ya sakafu. Huko msasa unakunjwa na kusuguliwa kwa kidole.

Kisha sabuni, maji, na kitambaa chenye tina. Kuna jaribio moja ninaloliamini: mwagia maji safi. Yakitandaa sawasawa, bati ni safi. Yakijikusanya matone matone, bado kuna mafuta au nta, rudia. Mimi nilirudia mara tatu, maana unga wa makala ukichanganyika na grisi haukubali kirahisi. Ngoja pakauke kabisa, ziba matundu ya bolti na ya kutolea maji kwa utepe wa karatasi, funika taa na vioo.

Hapa sitanii: hadina hizi zina isosianeti, na kuivuta kunaweza kukupa pumu ya maisha. Barakoa ya kitambaa haisaidii. Vaa ile yenye vichujio vya mvuke, glavu na miwani, fanya kazi mahali wazi, na watoto wasikae kutazama. Ukipiga kwa bastola ya rangi, wingu lake ni baya kuliko la rola.

Mimi ndani ya sanduku nilitumia rola, na sababu yangu ni umeme. Ukishachanganya hadina una kama saa moja. Stima ikikatika kompresa ikiwa nusu ya kazi, chupa inageuka jiwe mkononi mwako. Changanya chupa moja moja. Mkono wa kwanza uwe mwembamba, ngoja kama saa moja, piga wa pili kwa kukatiza. Utepe uvue rangi ikiwa bado laini, la sivyo utararua kingo. Kesho yake unaweza kuigusa, lakini mimi niliinyima mzigo wiki nzima.

Nje nilipaka kidogo tu: vizingiti chini ya milango, bampa na matao ya magurudumu, mahali changarawe hurukia. Sipendi gari lililopakwa hivyo mwili mzima. Vumbi letu linaingia kwenye vipele na halitoki kwa kitambaa, inabidi brashi. Na siku ukigongwa, kurekebisha mlango mmoja tu ni balaa. Ndani ya kabini nilitoa viti na zulia nikapaka sakafu. Sasa naosha potopoto kwa ndoo. Ila zulia lilikuwa likimeza kelele na joto la injini, kwa hiyo niliweka mpira miguuni, na harufu nayo ilikaa siku nyingi, madirisha wazi.

Misimu miwili ya mvua imepita na bati halijaonekana tena. Jambo moja sikuliwaza. Magunia ya makala yalikuwa yakiteleza yenyewe kuja mlangoni. Sasa vipele vinayashika, ukivuta kwa nguvu yanachanika. Vijana wa kushusha mzigo walilalamika wiki mbili, kisha siku moja nikakuta wametandika kitu juu ya rangi yangu ili magunia yateleze. Lilikuwa lile beseni la plastiki, wamelikata katikati.