Kufunga Mkono Ulioteguka

Msimu wa maembe tunapokea watoto wengi walioanguka mtini. Mara nyingine jeraha ni dogo, lakini bendeji iliyokazwa mno imezuia damu. Basi tujifunze kufunga kifundo cha mkono.

Kwanza, mvueni mgonjwa pete, bangili na saa kabla mkono haujavimba. Msiukande wala kuuvuta. Anzeni kufunga kwenye kiganja, mkipanda kuelekea kiwiko. Kila mzunguko ufunike nusu ya uliotangulia. Vidole viachwe wazi. Kisha mkono uninginizwe shingoni kwa khanga, kiganja kikiwa juu kidogo kuliko kiwiko.

Sasa bonyezeni ukucha hadi uwe mweupe, mwachie. Rangi yake irudi kabla hamjahesabu tatu. Vidole vikiwa baridi, vikifa ganzi, au maumivu yakizidi, legezeni bendeji mara moja. Visiporudi katika hali yake, kimbilieni hospitali.

Mkono uliopinda msiunyoshe. Ushikizeni ulivyo, mkampeleke mgonjwa hospitali. Tena msidanganyike: hata mwenye mfupa uliovunjika huweza kusogeza vidole. Maumivu yasipopungua, mleteni apigwe picha.