Ngozi ya Sanamu za Kompyuta

Siku hizi sanamu hazichongwi kwa mti na mawe peke yake. Huchongwa hata ndani ya kompyuta, kwa ajili ya filamu na michezo. Mchongaji hodari aweza kuweka pua na macho mahali pake, lakini ngozi ikiwa laini kama yai, hakuna atakayeamini kuwa ni mtu. Nataka kueleza jinsi ngozi ya kweli inavyonaswa kwa kamera.

Tazama mgongo wa mkono wako karibu na dirisha. Utaona mistari midogo iliyopitana kama wavu. Je, waionaje? Mwanga ukifika kwenye ngozi hugawanyika sehemu mbili. Sehemu moja hurudi papo hapo. Huo ndio mng'ao. Sehemu ya pili huingia ndani, hutawanyika, kisha hutoka na rangi ya ngozi. Mwanga huu wa pili hufifiza mistari midogo. Mng'ao ndio unaoonyesha vilima na mabonde ya ngozi.

Basi kazi ni kuzitenganisha sehemu hizo. Chombo chake ni polaraiza, yaani bapa angavu linalopitisha mawimbi ya mwanga yanayotikisika upande mmoja tu. Moja huwekwa mbele ya taa, la pili mbele ya kamera. Yakipishana kama msalaba, mng'ao hutoweka, ikabaki rangi tupu. Yakielekea upande mmoja, vyote viwili huonekana. Kompyuta hutoa picha ya kwanza katika ya pili, na kinachobaki ni mng'ao peke yake. Picha ya rangi hupakwa juu ya sanamu. Ya mng'ao humwongoza mchongaji. Lakini mpigwa picha asitikisike hata kidogo kati ya picha hizo mbili.

Mwaka 2008 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Southern California, Marekani, walimpiga picha mwigizaji Emily O'Brien ndani ya duara la taa 156 kwa njia hii, na uso wake ukatengenezwa katika kompyuta.

Nasi twaweza kujaribu bila gharama kubwa. Skrini nyingi za kompyuta za LCD hutoa mwanga uliokwisha kupita katika polaraiza. Nilifanya skrini nyeupe kuwa taa katika chumba chenye giza, nikaweka miwani ya jua ya polaraiza mbele ya kamera ya simu, nikaizungusha polepole. Mng'ao wa mkono wangu ukazimika, kisha ukarudi.

Jambo hili latuhusu hasa sisi. Ngozi nyeusi hurudisha mwanga mchache kutoka ndani, kwa hiyo mng'ao wake huonekana zaidi. Asiyeutenganisha huupaka kama rangi, na uso huwa kama umepakwa majivu, hata taa ikihamishwa. Ndugu wanafunzi, tukitaka nyuso zetu zichongwe kama zilivyo, yafaa tuijue kazi hii wenyewe.