Uwezo au Hatima? Istilahi ya Seli Tangulizi katika Kiswahili

1.0 Utangulizi
Katika biolojia kuna seli zisizokuwa bado na kazi maalumu, ambazo kila moja huweza kukua ikawa ama seli ya aina moja ama ya aina nyingine, wala si zaidi ya hizo mbili. Makala hii inajadili namna ya kuzitaja kwa Kiswahili. Hoja kuu ni kwamba istilahi ifaayo hutaja uwezo wa seli, si hatima yake.

2.0 Funzo la O-2A
Mwaka 1983, Martin Raff, Robert Miller na Mark Noble walieleza seli tangulizi ya neva ya jicho la panya. Ilipokuzwa maabarani pamoja na seramu ya kijusi cha ndama, iligeuka astrosaiti. Ilipokosa seramu, iligeuka oligodendrosaiti, yaani seli inayotengeneza myelini, ala ya nyuzi za neva. Ikaitwa O-2A, kwa kifupisho cha hatima zake: oligodendrosaiti na astrosaiti aina ya 2. Uchunguzi uliofuata ndani ya mwili ulionyesha kuwa seli hizo huzaa hasa oligodendrosaiti. Jina likafifia, na leo aghalabu huitwa seli tangulizi za oligodendrosaiti. Yaliyoonekana katika chombo cha maabara yalikuwa yamefanywa jina la kudumu.

3.0 Uteuzi wa Istilahi
"Seli shina" haifai, kwani hutumika kwa seli yenye kujizalisha upya kwa muda mrefu. "Seli mzazi" hutaja nasaba tu. Mzazi hubaki mzazi, ilhali seli hii yenyewe hugeuka. "Uwezo maradufu" hupima kiasi. "Seli pacha" hudokeza viwili vilivyopo pamoja, ilhali hapa kimoja kikitokea kingine kimeachwa.

Inapendekezwa "seli tangulizi ya njiapanda". Panda ni mahali kitu kinapogawanyika pawili, na methali ya fisi aliyeshindwa na njia mbili yathibitisha kuwa msafiri hufuata moja tu.

4.0 Hitimisho
Fasili nayo itofautishe "huwa" na "huweza kuwa". Mwanafunzi akifundishwa kwamba seli hii "huwa" astrosaiti, atayachukua matokeo ya maabara kuwa kanuni ya mwili. Na kosa hilo litakuwa limetoka katika kitenzi, si katika hadubini.