Mvuke wa Jua

Kila asubuhi, ufukoni pa Baraka, akina mama na watoto huteka maji katika Ziwa Tanganyika. Maji yanaonekana safi, lakini huweza kuwa na vijidudu vya kolera, yaani kipindupindu. Ugonjwa huo umekwisha kuua watu wengi katika nchi ya Fizi. Maji yakichemshwa, vijidudu hufa. Lakini kutafuta kuni ni kazi, makala ni fedha, na miti ya milimani inapungua.

Je, hakuna moto mwingine? Uko. Ni jua, ambalo Mwenyezi Mungu huwaangazia watu wote, tajiri na maskini, bila malipo.

Jua peke yake halichemshi maji ya ndoo, kwa sababu joto lake limetawanyika. Lazima likusanywe. Njia ni tatu. Kwanza, chombo kiwe cheusi, maana rangi nyeusi hunywa joto. Pili, kifunikwe kwa kioo cha dirisha: mwanga huingia, lakini joto halitoki upesi. Tatu, vioo vya kujitazamia vielekeze mwanga wa mahali pengi kwenye chungu kimoja.

Watu wa zamani walijaribu njia hizo. Mwaka 1878, mwalimu Mfaransa Augustin Mouchot alionyesha mtambo wake mjini Paris. Mvuke uliotoka kwa jua uliendesha mashine, na mashine ikatengeneza barafu! Mwaka 1913, hapa Afrika, Mmarekani Frank Shuman aliweka safu 5 za vioo virefu, vilivyopindwa kama mitumbwi, huko Maadi karibu na Kairo. Mvuke wake ulipandisha maji ya mto Nile. Vita vya mwaka 1914 vilipoanza, kazi hiyo ikakoma.

Mitambo ile ilitaka fedha nyingi. Lakini iko njia ya mtu maskini. Maji kidogo hutiwa katika sinia nyeusi. Juu yake huwekwa kioo cha dirisha kilichoinama upande mmoja, na pembeni hufungwa vizuri. Jua hupasha maji, na mvuke huinuka hata kabla hayajachemka. Mvuke hugusa kioo, hupoa, hugeuka matone, nayo hutiririka kwenye kifereji mpaka chupani. Tope, chumvi na vijidudu hubaki katika sinia. Hivyo ndivyo mvua inavyopatikana: jua huinua mvuke wa ziwa, nao ukipoa juu ya milima hugeuka matone na kuanguka.

Sinia yenye mita 1 kila upande hutoa lita 2 mpaka 5 hivi siku ya jua kali. Maji hayo humtosha kunywa mtu mmoja au wawili, si jamaa nzima. Tena siku ya mawingu hutoa kidogo sana. Basi siku hiyo mama mwenye akili hakubali watoto wanywe maji ya ziwa hivi hivi. Huwasha moto, akayachemsha. Jua hupunguza kuni. Haliondoi kazi ya kujilinda.

Maswali
1. Kwa nini chombo hupakwa rangi nyeusi?
2. Vijidudu hubaki wapi, na kwa nini?
3. Sinia na mvua hufanana kwa jambo gani?
4. Siku ya mawingu, tufanye nini kabla ya kunywa maji?