Kufundisha Urejeshaji wa Hifadhidata

Wanachuo wengi humaliza somo la hifadhidata wakijua kutengeneza nakala ya akiba, lakini hawajapata kuirejesha hata mara moja. Kosa ni letu sisi wakufunzi. Tunatahini kutengeneza, ambako ni kwepesi. Kurejesha tunakuacha hadi siku ya msiba.

Yafaa somo lianze kwa tukio la kweli. Tarehe 31 Januari 2017, katika kampuni ya GitLab, inayowatunzia watunga programu kazi zao, seva ya pili ya hifadhidata ilikuwa imebaki nyuma ya ile kuu. Fundi mmoja akakusudia kufuta data za seva ya pili ili aijaze upya. Amri akaitoa katika seva kuu. Alipotanabahi na kuisimamisha, katika gigabaiti 300 hivi zilisalia 4.5 tu. Walipoziendea nakala za akiba, ghala lilikuwa tupu. Programu ya kunakili ilikuwa ya toleo la 9.2, hali hifadhidata yenyewe, PostgreSQL, ilikuwa ya toleo la 9.6, na kwa hiyo kila jaribio lilishindwa. Barua za kutoa habari ya kushindwa huko zilikataliwa zilikopelekwa, zisimfikie mtu. Kilichowaokoa ni nakala ambayo fundi aliichukua muda wa saa 6 hivi kabla, kwa shughuli nyingine. Yaliyoandikwa baada yake yalipotea.

Hapa mwanachuo huuliza: kama seva ya pili ingalikuwa sawa na ya kwanza, akiba ya nini? Mimi hujibu kwa mfano wa mashine ya kurudufu ya zamani. Kosa lililo katika stensili hutokea katika kila karatasi. Vivyo hivyo, amri ya kufuta jedwali ikitolewa katika seva kuu, huifikia seva ya pili kwa sekunde chache. Urudufishaji hutufaa mashine inapoharibika. Kosa la mkono huliiga kwa uaminifu.

Zoezi lataka vipindi viwili. Katika kipindi cha kwanza kila kikundi kijenge jedwali la wanafunzi 40 wa kubuni na alama zao, kiandike karatasini idadi ya mistari na jumla ya alama, kisha kipange nakala itengenezwe kila usiku. Siku ya pili mkufunzi aifute nakala njema ya kwanza na kubadili nywila kwa siri. Tangu hapo kila usiku hutokea faili yenye jina na tarehe, isiyo na kitu ndani.

Kipindi cha pili kianze kwa swali: nakala zipo? Nilipolifanya mara ya kwanza, vikundi vitano kati ya sita viliitikia kwamba zipo. Nikafuta majedwali. (Mwanachuo mmoja alininunia wiki nzima, wala simlaumu.) Kikundi cha sita kilikuwa kimetazama ukubwa wa faili.

Baada ya hapo zoezi lirudiwe bila hila. Nakala irejeshwe katika mashine tupu, kamwe si juu ya hifadhidata iliyopo, na hesabu zilinganishwe na zile za karatasini. Muda nao upimwe kwa saa. Katika mtihani, alama zitolewe kwa jedwali lililorejeshwa. Faili ya nakala peke yake isipewe alama yoyote.