Harley ya vumbi na lami: je, inamfaa mtu mfupi?

SWALI: Naishi Ixelles, karibu na Matonge, Brussels. Nimezoea kuona Harley-Davidson za kutamba kwenye lami. Sasa naitamani Pan America, inayopita hata kwenye vumbi, ila mimi ni mfupi. Ninunue?

JIBU: Ufupi usikutishe. Pan America 1250 ilizinduliwa mwaka 2021, na toleo la Special huweza kuwekewa shokomzoba zinazojishusha zenyewe unapokaribia kusimama, kati ya milimita 25 na 50, kisha zikajiinua ukishaondoka. Usilikose hilo, hata likikuongezea gharama. Pikipiki hii ina kilo 258. Ukisimama kwenye taa, juu ya mawe yaliyolowa mvua ya Brussels, nayo ikaanza kulala upande, huwezi kuizuia kwa ncha za vidole; nyayo lazima zikanyage chini sawasawa.

Injini ni ya cc 1252, hupozwa kwa maji, na valvu zake hazihitaji kurekebishwa, jambo litakalokupunguzia bili ya fundi. Mnyororo, hata hivyo, utaupaka mafuta na kuukaza mara kwa mara. BMW GS, mpinzani wake mkubwa, hutumia shafti.

Kuhusu bei, Umoja wa Ulaya uliongeza ushuru wa asilimia 25 kwa pikipiki kubwa za Marekani mwaka 2018, ukausitisha mwanzoni mwa 2022. Muulize muuzaji bei ya sasa, ushuru ukiwemo, kabla hujatoa malipo ya awali.